Mkalimani wa Chumba cha Nyuma

Nimewahi kusema "binti yangu" mbele ya baraza, kwa sauti iliyojaa ukumbi, nami sijazaa.

"Binti yangu yuko kazini," nilisema. "Huyu mpangaji anamsumbua."

Mwenyekiti aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi akanitazama mimi, si mama mzee aliyesimama kizimbani. Watu hufanya hivyo. Husahau kwamba mkalimani ni mdomo tu. Nje mvua ya alasiri ilikuwa imeanza kupiga mabati, na kwa muda nikadhani hakunisikia.

"Rudia," akasema.

"Binti yangu yuko kazini, chumba cha nyuma. Anasuka wateja wake. Mpangaji anataka kumvunjia mlango."

Kwenye mabenchi mtu mmoja alicheka, kisha akakatiza kicheko chake, kama aliyekumbuka kwamba yuko matangani.

Baraza la kodi huja Kisii mara mojamoja. Huazima ukumbi, likawasikiliza wenye majengo na wafanyabiashara waliowapangisha, kisha likarudi Nairobi. Mengi ni mambo ya paa linalovuja, au mwenye duka aliyerudi kutoka kanisani akakuta mlango umefungwa kwa kufuli asiyoijua. Mimi, Bochaberi, huitwa pale shahidi anapokuwa hana lugha nyingine ila Ekegusii. Na kazi yetu ina sheria moja kubwa: akisema "mimi", nawe useme "mimi". Huruhusiwi kujificha nyuma ya "anasema kwamba". Kwa hiyo nimekuwa mwenye nyumba na mpangaji ndani ya asubuhi moja. Nimejitukana, nikajijibu, nikajiombea radhi. Jioni hunawa uso, nikarudi kuwa mimi.

Siku ile sikurudi upesi.

Aliyeleta shauri alikuwa kijana aitwaye Zaki Shariff, mzaliwa wa Malindi, aliyefungua duka la nafaka Nyakoe, pale sokoni. Alikuwa na Kiswahili cha pwani, laini, chenye heshima nyingi, kiasi kwamba hata malalamiko yake yalisikika kama salamu.

"Mheshimiwa, mimi sina ugomvi na mama huyu," alianza. "Mke wangu Firdaus alipojifungua, yeye ndiye aliyetuletea uji wa wimbi. Hadi leo mtoto akilia humpakata. Lakini maharagwe yangu yana nywele."

"Nywele?"

"Nywele za mwanadamu."

Akaeleza. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele. Nyuma kulikuwa na chumba kingine kilichofungwa tangu alipohamia, mlango wake ukiwa ndani ya duka lenyewe, na alipoulizia aliambiwa ni stoo ya familia. Hakujali. Kisha asubuhi moja alipofungua alikuta harufu ya nywele zilizoungua, ile harufu ya kitana cha moto, imechanganyika na dawa ya kulainisha. Akadhani imetoka kwa jirani. Lakini jirani ni fundi wa kuchomelea vyuma. Baadaye akaanza kukuta sakafu imefagiwa. Yeye huiacha na punje na vumbi la magunia, akirudi anakuta mistari ya ufagio, na mistari hiyo inaanzia kwenye ule mlango uliofungwa, inakuja mbele. Ndipo nywele zikaanza. Ndefu, nyeusi, zimejikunja kwa joto. Alizikuta juu ya mahindi, kwenye mizani, na hata ndani ya gunia ambalo alilishona mwenyewe kwa mkono wake.

"Mama mmoja mwenye hoteli Suneka alinunua maharagwe kwangu," akasema, "akakuta shungi zima ndani ya sufuria. Alilitoa kwa mwiko mbele ya wateja wake. Tangu hapo watu wanapita mlangoni kwangu wakitazama upande wa pili."

Halafu kulikuwa na stima. Mita ilikuwa ya duka, na ilikuwa ikizunguka duka likiwa limefungwa. Alimwita fundi, naye akaufuata waya mpaka ukapenya ukuta wa chumba cha nyuma. Alipomwomba Mama Nyakerario, mwenye jengo, afungue, mama alikataa. Alipoleta mtu wa kukata kufuli, mama alijilaza mlangoni mpaka yule mtu akaondoka. Siku chache baadaye Zaki akapewa notisi ya kuhama.

"Naomba baraza liamuru mlango ufunguliwe," alimaliza. "Kama ni mtu, tumjue. Kama ni panya, tuwaone hao panya wanaofagia."

Aliyetia saini notisi alikuwa Onsongo, mtoto wa kiume wa Nyakerario, mtu mzima mwenye koti lililombana mabegani. Alisema kwa kifupi kwamba familia inalihitaji duka, anataka kuuza mbolea na dawa za mifugo. Ilikuwa sababu nzuri, ya kisheria, na ingetosha. Lakini mwenyekiti akataka kumsikia mwenye jengo, na mwenye jengo akashika Biblia, akaapa, akasema kweli yake, nami nikaisema kwa kinywa changu.

Tulipopumzika kidogo, Onsongo alinifuata kwenye varanda. Maji ya mvua yalikuwa yanamrukia viatuni, hakuyaona.

"Dada, hiyo maneno ya Mokeira usipeleke mbele," akasema. "Sema tu mama anataka duka yake. Basi."

"Nimeapa, ndugu yangu."

"Umeapa mbele ya hao wa Nairobi. Kesho wataenda. Sisi tutabaki hapa, na watu watasema omong'ina, mama yetu mzee, amerukwa na akili." Alifuta uso kwa kiganja. "Unajua kwa nini nilitoa notisi? Nilitaka Zaki atoke kabla mama hajaanza kuongea. Si roho mbaya. Mimi nampenda huyo kijana."

Akanieleza pale pale, upesi upesi, kama mtu anayepakua mzigo kabla gari halijaondoka. Mokeira alikuwa dada yake mdogo. Alikuwa na saluni katika jengo lile, na wasichana walikuwa wakipanda kutoka Suneka na hata Nyamira kuja kusukwa naye, kwa sababu mkono wake haukuumiza. Kisha wakala mmoja akamshawishi kwenda nchi za Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Aliviingiza vyombo vyake chumba cha nyuma, akaziba dirisha kwa matofali kwa kuogopa wezi, akafunga kufuli, akampa mama ufunguo. Alisema atarudi na draya mpya. Kila Sabato jua likitua alikuwa akipiga simu. Akapiga, akapiga, kisha simu ikakoma. Familia ilipokwenda Nairobi kumtafuta wakala, ofisi ile ilikuwa duka la viatu, na muuza viatu hakujua lolote.

"Hatujazika mtu," Onsongo akasema. "Tena hatungoji mtu. Tuko tu hapo katikati. Wewe hujui hapo ni wapi."

Kengele ililia, tukarudi ndani.

Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na sauti kavu, aliyesikia uongo wa kila namna hata akachoka kuukasirikia. Nilitazamia aseme mama apelekwe hospitali, au kwamba notisi imetupwa, mambo yakaishia hapo. Badala yake alifunga faili.

"Kesho tutakwenda kuona jengo," akasema. "Bwana Shariff, funguo za duka lako utampa karani wetu sasa hivi. Hakuna atakayeingia kabla yetu."

Karani, Bwana Ogoti, alizipokea mkononi mwake na kuzitia mfukoni. Kwa kuwa mvua ilikuwa imeharibu barabara, Nyakerario alilala kwa dada yake mjini. Asubuhi gari la baraza lilimchukua pamoja nami, na njia nzima nilikaa ubavuni pake. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Shingoni, chini ya nguo, alikuwa amefunga ufunguo kwa uzi mweusi, na kila gari liliporuka shimo aliushika.

"Wewe una watoto?" akaniuliza kwa Ekegusii.

"Sina, mama."

"Jana ulisema 'binti yangu' vizuri sana," akasema. "Nilidhani nawe umempoteza mmoja."

Nyakoe kulikuwa na jua jeupe, lile la baada ya mvua. Wanawake wa ndizi walikuwa wamekwisha kupanga mikungu kando ya barabara. Zaki na Onsongo walikuwa wakingoja mlangoni bila kuzungumza, kila mmoja ameegemea nguzo yake. Ogoti akatoa funguo.

Mlango ulipofunguka, hakuna aliyeuliza chochote, kwa sababu sote tulikuwa na pua. Nywele zilizoungua. Dawa ya kulainisha. Na chini ya hayo, hafifu, sabuni ya kunukia. Sakafu ya saruji ilikuwa imefagiwa, mistari ya ufagio ikipindana vizuri kama shamba lililopigwa haro, ikija kutoka kwenye mlango wa nyuma kuelekea kwetu. Haikuwa na alama ya mguu. Mwenyekiti alisimama kizingitini akaitazama, na nilimwona akisita kuikanyaga, kama mgeni anayeogopa kuchafua nyumba ya watu. Kisha akaikanyaga.

Nyakerario alivua ufunguo shingoni akampa. Haukuingia. Kufuli ilikuwa imekula kutu mpaka tundu lake likajaa unga mwekundu, na Ogoti alipoigonga, kutu ikamwagika chini kama tumbaku. Mtu yeyote angeona kwamba kufuli ile haikuwa imefunguliwa tangu Mokeira aifunge. Onsongo aliitazama, kisha akamtazama mama yake. Nadhani mpaka dakika ile alikuwa akiamini, na kujifariji, kwamba ni mama aliyekuwa akija kwa siri kufagia.

Ikabidi fundi wa jirani aje na msumeno wake wa umeme. Cheche zikaruka juu ya magunia, Zaki akizizima kwa kofia yake. Kufuli ikaanguka.

Hakukuwa na vumbi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona, na ndilo linalonirudia hata sasa. Chumba kilichozibwa dirisha kwa matofali, kilichokaa bila mtu mpaka kufuli ikaoza, kilikuwa kimepanguswa. Kioo kiling'aa. Picha za mitindo ya nywele ukutani zilikuwa zimepauka, wasichana wa kwenye picha wamebaki rangi ya maji ya mchele, lakini vitana vilikuwa vimepangwa kwa ukubwa wao, na ndani ya karai rola zilikuwa zimeoshwa. Taulo lilikuwa limetundikwa mgongoni mwa kiti. Ogoti aliligusa, akakuta bado lina unyevu, akaondoa mkono, akaufuta kwenye suruali yake mara nyingi kuliko maji yaliyokuwepo.

Pembeni kulikuwa na draya, ile ya kusimama, yenye kofia kubwa ya kuinamisha kichwa ndani yake. Ilikuwa ikilia ti, ti, ti, taratibu, kama bati linapopoa jua likizama. Mwenyekiti aliiendea, akaweka kiganja juu yake. Alikiacha hapo kitambo. Alipogeuka, sauti yake kavu ilikuwa imepata unyevu.

"Muulize," akaniambia, "nani alikuwa humu leo."

Nikamuuliza. Nyakerario alikuwa amebaki mlangoni. Hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa akikitazama chumba jinsi mzazi anavyotazama matokeo mazuri ya mtihani.

"Si niliwaambia jana," nikasema kwa niaba yake. "Niliapa."

"Muulize kama amewahi kumwona."

Hapo mama akakaa juu ya gunia la mahindi, na akajibu kwa muda mrefu. Nilikuwa nikimfuata sentensi kwa sentensi, kama ninavyofanya siku zote, lakini sikuwa na uhakika tena nani anamfuata nani.

"Sijamwona. Mimi huja mchana mpangaji akienda kuswali na kuniachia duka, naweka sikio mlangoni. Namsikia anavuta kiti. Anafungulia maji. Namwita. Namwambia, mwanangu, nifungulie, au sema neno moja tu. Hasemi. Nimewaza sana. Naona hajanikasirikia, ila amekaa huko mbali na watu wa lugha nyingine, amesahau Ekegusii. Mtu huweza kusahau. Anasikia kelele tu mlangoni, hajui ni mimi. Ndiyo maana sikutaka mlango uvunjwe. Angeogopa."

Nilipomaliza kusema hayo, Nyakerario alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama mizizi.

"Wewe una lugha," akaniambia mimi, si baraza. "Mwambie."

Niliyatafsiri hata hayo, kwa kuwa nilikuwa nimeapa. Onsongo alisema, "Mama, tafadhali," akageukia ukuta. Mwenyekiti alivua miwani yake. Hakuwa mtu wa kuchezea muda wa serikali, na nilingoja atangaze kwamba tumeona ya kutosha.

"Baraza hili," akasema polepole, "kazi yake ni kusikiliza pande zote." Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni lugha gani anayoitaka?"

"Ya huko walikompeleka," nikajibu nikiwa kinywa cha mama. "Kiarabu."

Sina Kiarabu. Sote tukamtazama Zaki.

Alikuwa bado ameshika kofia yake iliyotobolewa na cheche. Alirudi nyuma hatua, akagonga magunia yake mwenyewe.

"Dada, Kiarabu changu ni cha chuoni, cha madrasa," akaninong'oneza. "Ni cha kuswalia. Hakina maneno ya mambo haya."

"Sema uliyonayo."

Basi ndivyo ilivyokuwa, mchana kweupe, Nyakoe, huku nje mtu akinadi ndizi. Mama alisema kwa Ekegusii, akikitazama kiti kitupu chenye taulo. Mimi nikasema kwa Kiswahili, nikimtazama Zaki. Zaki akasimama kizingitini, amekielekea chumba.

"Mokeira, ni mimi," nikasema. "Umefanya kazi vya kutosha. Umefagia vya kutosha. Nyumba ni yako, hakuna atakayekutoa. Draya mpya siitaki. Mwanangu, kuna jambo moja tu nataka kulijua, na ni wewe pekee wa kunijibu. Kama umekufa, niambie. Niambie nikulilie. Naogopa kukulilia ukiwa hai, isije ikawa ni mimi nimekuua kwa machozi yangu. Na naogopa kukungoja ukiwa umekufa, isije ikawa ni mimi ninayekunyima kulala."

Sauti yangu ilikatika mahali fulani hapo katikati. Yake haikukatika.

Niliona midomo ya Zaki ikitafuta. Kisha akainua viganja, akasema maneno machache tu, mafupi mno ukilinganisha na yote tuliyompa, na akashusha mikono.

Nikafunga mdomo nikangoja, maana nusu ya kazi yetu ni kungoja jibu. Mwenyekiti alingoja. Ogoti alingoja, kofia mkononi. Draya ililia ti, ikakaa, ikalia ti, halafu ikanyamaza.

Nyakerario akasimama. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeitwa jina lake katika umati. Alisema, "Ee," mara moja, kwa upole, kama tunavyoitikia nyumbani. Kisha akavua kitambaa kichwani, akakitupa, akashika kichwa chake kwa mikono miwili, na kilio alichokitoa sijawahi kukisikia tena. Kilikuwa kimehifadhiwa muda mrefu mno. Onsongo alimkumbatia wakaanguka pamoja juu ya magunia, na maharagwe yakamwagika chini yao. Kwetu kilio cha namna ile hakihitaji maelezo. Wanawake wa ndizi waliacha mikungu yao barabarani, fundi akazima mashine yake, na baada ya muda mfupi duka lilijaa watu waliokuwa wakilia bila kuuliza wanamlilia nani.

Mwenyekiti alinikuta nje, nimekaa kwenye ngazi.

"Ulisikia chochote?" akauliza.

"Hapana, Mheshimiwa."

"Hata mimi." Alisafisha miwani kwa ncha ya skafu yake, kwa bidii. "Nitaandika kwamba wahusika wamepatana. Notisi imeondolewa. Sioni neno lingine la kuandika."

Zaki alikuwa kando ya ukuta, ananawa uso kwa maji ya kibuyu cha plastiki. Nikamuuliza alichokisema.

"Nilikosa maneno, dada," akajibu. "Kwetu ukipita makaburini kuna salamu. Unawaambia amani iwe juu yenu, enyi watu wa makazi haya, nasi tutakuja kuungana nanyi. Hiyo ndiyo lugha pekee niliyo nayo ya kusema na mtu nisiyemwona. Nikamwambia hiyo." Akanitazama kwa wasiwasi. "Niliharibu?"

Ningemwambia nini? Mkalimani wa kweli hufukuzwa kazi kwa kosa dogo kuliko hilo. "Hapana," nikasema. "Ulifikisha."

Ilani rasmi ilikuja baadaye sana, ikipitia ofisi nyingi, ikisema kwamba Mokeira alikuwa amefariki ughaibuni na kuzikwa hukohuko na watu asiowajua. Nyakerario hakushtuka. Wakati huo alikuwa amekwisha kuzika nguo za mwanawe kando ya migomba. Mchungaji alisita kwanza kuombea kaburi lisilo na mwili, kisha akaja, na nasikia aliomba vizuri. Vyombo vya saluni viligawiwa wasichana wa Nyakoe waliokuwa wakijifunza kusuka. Kile chumba mama alimpa Zaki kiwe sehemu ya duka, bila kumdai zaidi. Matofali ya dirisha yaliondolewa, na mwanga wa asubuhi sasa huingia mpaka kwenye magunia. Hakuna nywele. Mama wa Suneka mwenye hoteli alirudi kununua, na wengine wakamfuata.

Nami hupita hapo nikitoka kwetu, nikanunua maharagwe. Mwaka jana, msimu wa mavuno, nilimkuta Zaki peke yake. Binti yake, Luul, alikuwa ameanza kutembea na alikuwa akizunguka kati ya magunia ameshika kijiko. Zaki aliweka mfuko wangu kwenye mizani, lakini hakuujaza.

"Dada Bochaberi, kuna jambo nimeona haya kukuuliza," akasema. "Siku ile, nilipomaliza ile salamu, ulisema neno. Karibu na sikio langu hapa, taratibu. Ulisema, 'Baba.' Nikafikiri labda umemkumbuka baba yako, marehemu, basi si adabu kukuuliza."

Nikaukunja ukingo wa mfuko wangu mtupu.

"Sasa juzi mtoto wa jirani ameingia hapa amemshika mama yake sketi, anamvuta, anamwita Baba, Baba. Nikacheka. Nikamwambia huyu si baba, ni mama. Yule mwanamke naye akanicheka. Akasema, kwa Ekegusii mtoto akisema 'baba' anamwita mama yake." Alikuwa akiniangalia kwa makini, na nikaona kwamba hakuwa amelala vizuri tangu juzi. "Nimekaa kwenu muda wote huu nisijue. Basi ilikuwa nini, dada? Ulikuwa unamwita yule mama kwa niaba ya nani?"

Luul alijikwaa kwenye gunia la mtama, akakaa chini, akaendelea kuchota hewa kwa kijiko chake, akiimimina kwa uangalifu katika chumba cha nyuma chenye mwanga. Nilikumbuka mdomo wangu siku ile, jinsi nilivyoufunga bila neno kutoka.

"Nilikuwa nikimtafsiria," nikamwambia. "Ni mimi."

Zaki akashusha pumzi. Akajaza mfuko mpaka mizani ikatulia, kisha akachota tena kwa mkono na kuniongezea.